Kuotesha maua ya vichaka Dodoma kwa vipandikizi na mbegu: mwongozo kamili

Mwezi wa Oktoba nyasi zote za Dodoma zimeshageuka rangi ya udongo, lakini kwenye kuta za nyumba za mitaa ya Kisasa, Area D na Ilazo bogenvilia zinawaka zambarau, nyekundu na rangi ya chungwa. Wenyewe hawazimwagilii sana. Mmea huu huchanua vizuri ukipata jua kali na kiu kidogo, na hivyo viwili hapa havijawahi kuadimika. Shida ni kupata mche kutoka kwenye ua la jirani. Mtu anaomba tawi, analichomeka, anamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya pili majani mapya yanachomoza, anafurahi. Wiki ya nne au ya tano kijiti kimekauka, na anaanza kusema hana mkono wa maua.

Mkono anao. Kijiti kilichokatwa hakina mizizi, kwa hiyo hata ukikisimamisha kwenye tope kinakunywa kidogo sana, huku hewa kavu na upepo wa Agosti hadi Oktoba vinanyonya unyevu kwenye majani na gome kutwa nzima. Mtu akiona kinanyauka anaongeza maji, basi kinaoza chini huku kinakauka juu. Kwa Dodoma, linda kwanza hewa inayokizunguka kijiti. Udongo ni wa pili.

Kipi kwa kijiti, kipi kwa mbegu

Bogenvilia na haibiskasi za bustani ni za vijiti. Aina nyingi zinazouzwa ni machotara, hazitoi mbegu za kutegemea, na hata zikitoa, mche hauwi na rangi ya mama. (Choya, ile ya kutengenezea juisi nyekundu, ni ndugu wa haibiskasi, lakini yenyewe huota kwa mbegu bila taabu.) Alamanda, iksora, yasmini, duranta na mhina navyo hukubali vijiti. Franjipani ni ya kijiti pia, ila kwa taratibu zake.

Mbegu zinafaa kwa waridi la jangwani na kwa kile kichaka chenye majani madogomadogo kama ya ukwaju na maua mekundu yenye kingo za manjano, ambacho wataalamu wanakiita Caesalpinia pulcherrima. Tekoma, ile ya kengele za manjano, inaota kwa mbegu kirahisi kupita kiasi. Inajisambaza yenyewe hadi kuvamia maeneo ya watu, kwa hiyo ukiwa nayo kata maganda yake kabla hayajapasuka. Lantana ni mbaya zaidi katika hilo, na binafsi simshauri mtu aizalishe.

Lini ufanye

Dodoma iko karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Usiku wa Juni na Julai una baridi, na kijiti kwenye baridi hulala tu bila kutoa mzizi.

Vijiti visivyohitaji majani, yaani bogenvilia na franjipani, vikate mwishoni mwa Agosti na Septemba joto linaporudi. Vikishika, miche inakuwa na nguvu ya kuhamia ardhini katikati ya mvua. Vile vinavyobaki na majani, kama haibiskasi, alamanda na iksora, ningevisubirisha hadi Januari, Februari na Machi, hewa ikiwa na unyevu wake. Unaweza kuvikata Septemba pia, lakini hapo kuvifunika kwa nailoni hakuna mjadala. Mbegu zote zipande kuanzia Septemba, kwa kuwa zinataka joto.

Mchanga, viriba na maji

Kwenye hatua ya kutoa mizizi usitumie samadi. Samadi ni ya baadaye. Kijiti hakina mdomo wa kuila, na vijidudu vilivyomo vitakiozesha. Chukua mchanga mkavu wa korongoni, ule wenye chembe kubwa, uchekeche kutoa vumbi na mawe, uoshe mpaka maji yatoke safi. Changanya sehemu tatu za mchanga na moja ya mboji iliyoiva vizuri au chenga za mkaa zilizooshwa. Chemsha maji umwagie mchanganyiko wote, uache upoe. Hiyo inatosha kuua ukungu mwingi na mayai ya wadudu.

Udongo mwekundu wa Dodoma peke yake haufai kwa kazi hii. Ukilowa unashikamana, ukikauka unakuwa tofali.

Viriba vya miche vinapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 iligusa mifuko ya kubebea; vifungashio vya kilimo havikukatazwa. Kwa vijiti vichache mimi napendelea chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo na kutobolewa matundu matano chini. Unazivika gazeti au kitambaa cheusi ili mizizi iwe gizani, na ukitaka kujua kama kijiti kimeshika unavua kitambaa na kuchungulia ukutani mwa chupa. Kidole chako hakihitaji kugusa kijiti.

Maji nayo uyaangalie. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na mche mchanga unaiona kabla yako: ncha za majani zinaungua, na pete nyeupe inajitokeza kwenye mdomo wa kiriba. Kwa vipandikizi tumia maji ya mvua uliyokinga, au ya bomba ikiwa mtaa wenu yana ladha nzuri. Ukilazimika kutumia ya kisima, kila baada ya wiki mbili tatu mwagilia mengi hadi yachuruzike chini kwa wingi ili yatoke na chumvi. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku ndiko kunakoirundika.

Vyote viweke juu ya kichanja. Chini ni kwa mchwa, na mchwa wa Dodoma hawaulizi kijiti ni cha nani. Miguu ya kichanja ipake oili chafu, urudie ikikauka. Majivu yanasaidia siku mbili tatu tu, kisha wanapita.

Kukata bogenvilia

Aliyekulia Hombolo au Mpunguzi ameona vipande vya mzabibu vinavyookotwa baada ya kupogoa na kuchomekwa kuwa miche. Bogenvilia inafuata njia hiyohiyo, ila ni mgumu zaidi wa kushika.

Nenda asubuhi kabla jua halijapanda, mmea ukiwa umejaa maji. Chagua tawi lililokwisha kuchanua, unene wa penseli au zaidi kidogo, ambalo gome lake linaacha ukijani kuelekea kahawia. Lipinde. Likijikunja laini bila kurudi, ni changa mno. Likivunjika kama kuni, limezeeka. Unataka lile linalopinda kwa ubishi. Ncha laini ya juu itupe.

Pangusa mkasi kwa spiriti, kisha kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye vifundo (pale majani yanapotokea) vinne au vitano. Chini kata mshazari, chini kidogo tu ya kifundo, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Juu kata bapa, bila mshazari, sentimita moja hivi juu ya kifundo. Mshazari chini na bapa juu utakusaidia kutogeuza kijiti, kwa sababu kilichopandwa kichwa chini hakishiki. Ondoa majani yote. Miiba ya sehemu itakayozama ing'oe kwa mkasi, hiyo ni kwa ajili ya vidole vyako zaidi ya mmea.

Ukipata unga wa homoni ya mizizi duka la pembejeo, utumie. Bogenvilia ni mojawapo ya mimea inayoonyesha tofauti wazi. Lowesha kidogo sehemu ya chini, gusisha kwenye unga uliomimina pembeni (usichovye ndani ya kopo), kung'uta uliozidi. Asali na shubiri, vinavyosifiwa kila mahali, haviwezi kushika nafasi yake. Haibiskasi ikikatwa vizuri hata bila unga inashika.

Toboa shimo kwenye mchanga kwa kijiti kingine ili unga usibaki juu, zamisha vifundo viwili au vitatu, bana mchanga kwa vidole kuzunguka. Mwagilia mara moja, mengi, yachuruzike. Toka kukata hadi kuchomeka isipite saa moja. Ukivitoa mbali, kwa mfano Mpwapwa au Kondoa, vifunge kwenye kitambaa kibichi, kisha ndani ya mfuko, usiviweke kwenye dashibodi ya gari.

Aina za maua yaliyojazana na zile za majani yenye madoa meupe hukataa kijiti mara nyingi. Kwa hizo tumia tawi likiwa bado mtini: menya pete ya gome yenye upana wa sentimita mbili au tatu, kwangua utelezi uliobaki, paka homoni kwenye ukingo wa juu wa kidonda, zungushia makumbi ya nazi yaliyolowa na kukamuliwa, funga kwa nailoni juu na chini kwa nguvu. Baada ya miezi miwili hivi mizizi itaonekana kwenye nailoni, ndipo unakata chini yake.

Haibiskasi na wenzake wenye majani

Hapa kipande ni kifupi, sentimita 10 hadi 15, na unaacha majani mawili ya juu, kila moja ukilikata nusu. Nusu iliyobaki inatengeneza chakula cha kuoteshea mizizi. Nusu uliyoondoa ingepoteza maji bure. Maua na vichwa vya maua ondoa vyote. Kagua pia chini ya majani na kwenye makwapa yake: haibiskasi hupenda kubeba wadudu weupe wanaofanana na pamba, na ukiwaingiza chini ya kifuniko watazaana kwa raha. Tawi lenye wadudu hao liache hukohuko.

Kuweka kijiti kwenye glasi ya maji kunafanya kazi kwa haibiskasi, na watoto hufurahia kuangalia. Mizizi ya majini lakini ni dhaifu. Ikifika sentimita mbili hamishia kwenye mchanga, usingoje iwe mirefu.

Kifuniko na kivuli

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua. Kijiti kimoja kifunike kwa dumu la maji la plastiki angavu lililokatwa kitako. Vikiwa vingi, pinda fito juu ya kichanja na utandaze nailoni angavu inayouzwa kwa mita, kingo uzikandamize kwa mawe ili upepo usiifunue.

Kifuniko kikae kivulini. Nailoni juani saa sita mchana inapika vijiti. Chini ya mwarobaini panafaa, au kibarazani upande usiopigwa na jua la alasiri, ilimradi mwanga uwepo. Giza la stoo halifai.

Asubuhi angalia ndani ya nailoni. Ukiona ukungu wa matone, usimwagilie, hata kama roho inakusukuma. Nailoni ikiwa kavu na mchanga wa juu umekauka hadi pingili ya kwanza ya kidole, nyunyiza. Kila siku mbili tatu funua dakika kumi hewa ibadilike, na jani lolote lililoanguka au kuota ukungu litoe.

Sasa kungoja. Haibiskasi huchukua wiki nne hadi sita. Bogenvilia wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi. Majani mapya ya wiki ya pili yasikudanganye, hayo yanatumia akiba iliyomo ndani ya kijiti, na mizizi inaweza kuwa haijaanza kabisa. Ni hapo watu wanapofunua na kusogeza juani. Wengine wanakivuta kijiti kuona kama kimeshika. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inavunjika kwa mguso, kwa hiyo kila ukivuta unaanza upya. Subiri uione kwenye ukuta wa chupa au ikichungulia matundu ya kiriba.

Mizizi ikionekana, funua asubuhi kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, kwa muda wa saa mbili kesho yake, uongeze taratibu kwa siku saba hadi kumi mpaka kifuniko kitoke. Kisha jua la asubuhi. Jua kamili baadaye.

Franjipani: sheria zinageuka

Franjipani usiifunike, na usiimwagilie inapopandwa. Shina lake limejaa maji na utomvu. Ukilitia unyevu likiwa na kidonda linaoza. Kata tawi la sentimita 30 hivi, rangi ya kijivu badala ya kijani, wakati wa joto kabla ya mvua. Utomvu mweupe utamwagika: usiguse macho, nawa mikono. Ondoa majani, acha kijiti kimelazwa mahali pakavu penye kivuli wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kifunge na kukauka. Kisha kichomeke kwenye mchanga, ukifunge kwenye mti wa kukishikilia kisitikisike na upepo. Maji kidogo sana hadi majani yatoke na kukua. Miezi miwili ni kawaida.

Mbegu

Waridi la jangwani ni mwenyeji wa sehemu kavu za Afrika Mashariki. Watu wa zamani waliujua utomvu wake kwa kazi nyingine kabisa: ni sumu, na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale. Vaa glavu ukilikata, na usilipande watoto wadogo au mbuzi wanapofika. Kijiti chake kinashika, ila mara nyingi hakitoi lile tumbo nene la shina linalowavutia watu. Tumbo hutokana na mbegu. Wanaochimba mashina mazee porini na kuyauza barabarani wanaharibu kitu kilichochukua miaka mingi kukua, na mengi hufa baada ya kuhamishwa. Nunua miche ya mbegu, au otesha mwenyewe.

Ganda lake ni kama pembe mbili zilizounganika. Likianza kuacha ukijani, lizungushie uzi mara tatu nne, au livishe kipande cha soksi nyepesi. Usipofanya hivyo utaamka ukute limepasuka na mbegu zimeondoka na upepo. Kila mbegu ni kijiti kidogo cha kahawia chenye shada la manyoya kila upande. Panda zikiwa mbichi, kwa kuwa nguvu yake hupungua zikikaa. Zilaze kwenye mchanganyiko wa mchanga, fukia milimita chache tu, weka mahali pa joto. Ndani ya wiki moja nyingi zinachipua. Zikishatoa majani mawili, acha mchanga ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Rangi ya ua haitakuwa lazima ya mama.

Caesalpinia pulcherrima ana mbegu yenye gamba gumu ambalo maji hayapenyi. Chuma maganda yakiwa kahawia kabla hayajajisokota na kufyatuka. Sugua mbegu kwa msasa upande ulio mbali na kijicho (alama ya pale mbegu iliposhikamana na ganda), hadi rangi ya ndani ionekane kidogo, kisha loweka usiku mmoja. Zilizovimba panda kina cha sentimita moja au mbili. Ambazo hazijavimba zirudie msasa. Kama ni nyingi, mimina maji yaliyotoka kuchemka na kupoa dakika chache, ziache humo mpaka asubuhi, usizichemshe motoni. Wiki moja hadi mbili zitakuwa juu, na kabla ya mwaka kuisha mche unaweza kuchanua.

Tahadhari moja kuhusu oleanda, kwa kuwa inashika kirahisi hata kwenye chupa ya maji na watu wanagawiana sana. Kila sehemu yake ni sumu kwa binadamu na mifugo, pamoja na maji iliyolowekwa. Penye ng'ombe na mbuzi wanaopita, nayo ni nusu ya Dodoma, usiioteshe. Kama unayo, matawi uliyopogoa yafukie, usiyatupe nje ya uzio wala usiyafanye kuni.

Kwenda ardhini

Miche iliyoshika hamishia kwenye viriba vyenye udongo wa kawaida, mchanga na samadi iliyoiva, ukae navyo miezi miwili mitatu. Ardhini iende mvua zikishalowesha udongo vizuri, mara nyingi kuanzia katikati ya Desemba. Mvua ya kwanza ya Novemba inaweza kufuatwa na wiki tatu za jua, usiiamini.

Chimba shimo la sentimita 50 kila upande. Udongo wa juu weka peke yake, uchanganye na debe la samadi ya zamani, urudishe. Usawa wa mche uache chini kidogo ya usawa wa kiwanja na uzungushie kisahani chenye upana wa mita moja, maji ya mvua yaingie na kukaa. Kiriba cha bogenvilia kichane pembeni kwa wembe kikiwa tayari shimoni, ukiondoe bila kubomoa bonge. Tandaza majani makavu au maganda ya karanga, ukiacha nafasi ya kiganja kutoka shinani kwa sababu ya mchwa. Zungushia miiba siku hiyohiyo. Mbuzi anapenda chipukizi la bogenvilia.

Kiangazi cha kwanza mpe kila mche lita kumi mara moja au mbili kwa wiki, zote kwa mkupuo, ili mizizi ifuate maji chini. Kikombe cha kila jioni kinaifundisha mizizi kubaki juu, na juu ndiko kunakoungua. Mwaka wa pili bogenvilia ipunguzie maji kuanzia Julai na uipogoe kidogo. Urea usiitie. Itatoa matawi marefu ya majani na miiba, na Oktoba itapita bila ua.